Mzazi anapokataa chanjo ya HPV kwa sababu ya dini, unaongeaje naye

Hii naiandika kwa ajili ya mtu wa katikati. Yani yule mama ambaye fomu ya shule imeletwa inataka sahihi, yeye anataka binti achanjwe ila baba mtoto kasema hapana na sababu aliyoitoa ni dini. Au shangazi anayemwona kaka yake kashikilia msimamo, au mwalimu wa madrasa, au mwalimu wa watoto kanisani ambaye wazazi wanamfata wanamuuliza "mwalimu, hii imekaaje?" na yeye anabaki anatafuta maneno. Na kama mwenye shaka ni wewe mwenyewe soma tu, hakuna atakayekusema hapa.

Kabla hujafungua mdomo hakikisha kitu chenyewe unakijua, maana ukibabaika kwenye jambo dogo tu unaonekana umetumwa. HPV ni kundi la virusi, aina zake zinapita 200, nyingi hazina neno, zingine ndo zinaleta chunjua za kawaida za mikononi. Zipo zinazokaa sehemu za siri, hizo zinaambukizwa kwa kujamiiana na hata kwa ngozi kugusana sehemu hizo bila tendo lenyewe kukamilika, ndo maana kondomu inapunguza hatari ila haiimalizi. Aina mbili, ya 16 na ya 18, peke yake zinasababisha karibu asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen ndo alizibaini kwenye uvimbe wa wagonjwa miaka ya 1980 na mwaka 2008 akapewa Nobel. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika na saratani hii na kama 350,000 wakafa, wengi mno wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Wengi wanaoambukizwa mwili unakifukuza kirusi wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili na hawajui hata kama kilipita. Kinachogoma kutoka ndo tatizo, kinakaa kimya miaka 15 mpaka 20 ndo saratani inajitokeza, na kwa mwenye kinga dhaifu, mfano anayeishi na VVU bila kutumia dawa, inaweza kuchukua miaka 5 mpaka 10 tu.

Chanjo inazuia, haitibu. Kirusi kikishaingia sindano haikitoi. Hiyo ndo sababu ya umri wa miaka 9 hadi 14, sio kwamba kuna mtu anategemea mtoto wa miaka 10 aanze mambo. Halafu mwili wa umri huo unatengeneza kinga kubwa kuliko wa mtu mzima, ndo maana mtoto anahitaji dozi chache. Hili lishike vizuri utalihitaji mbele.

Usimfiche kwamba inapita kwa ngono

Kuna ushauri unazunguka sana kwa wahamasishaji, kwamba wewe sema kansa, kansa, kansa, hayo mengine yaache. Naelewa unakotoka, na kweli kansa ndo kiini cha yote. Ila kwa mzazi mwenye pingamizi la dini ushauri huo mimi naona unaharibu kabisa. Atajua tu. Ataletewa klipu kwenye grupu la WhatsApp, mtu kavaa vizuri anaongea kwa uchungu eti "wanawachanja mabinti zenu ugonjwa wa zinaa na wala hawawaambii", na hapo ile nusu ya ukweli uliyoificha inageuka kuwa ushahidi wa uongo mwingine wote uliomo kwenye hiyo klipu. Utamrudishaje mtu huyo? Mwambie mwenyewe, mapema, kwa sauti ya kawaida kama unavyomwambia ada imepanda.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Baba Rehema, ile fomu ya chanjo ya kansa nimeiweka hapo mezani."

"Ile ya magonjwa ya zinaa? Mama Rehema, mtoto ana miaka kumi!"

"Ndo hiyohiyo. Kirusi chake kinapita kwa kujamiiana, sikufichi. Ila hebu niambie, kinachokukera hasa ni nini, ni umri wake, ni sindano yenyewe, au ni nini?"

Halafu nyamaza. Hapa wengi tunashindwa, tunauliza swali na kulijibu wenyewe. Mwache aongee mpaka amalize, hata akipandisha sauti, maana "dini yangu hairuhusu" ni neno la heshima ambalo linabeba mizigo mingi na wewe bado hujui umebebeshewa upi. Kuna baba ambaye kweli anaogopa chanjo itamfungulia binti njia ya uasherati. Kuna ambaye hataki tu kusikia jina la binti yake na neno zinaa kwenye sentensi moja, hiyo ni aibu, sio fatwa. Kuna aliyesikia ina nguruwe. Kuna asiyeiamini serikali wala wafadhili na dini kaipata njiani. Na kuna, tena sio wachache, anayekasirika kwa sababu jambo la mtoto wake limeamuliwa shuleni na kliniki na kwa mama, yeye kaletewa karatasi ya kusaini tu. Huyo wa mwisho ukimpa hotuba ya vitu halali na haramu unapoteza muda, anachotaka ni kuulizwa.

"Itampa ruhusa ya kufanya zinaa"

Hili ndo pingamizi lenyewe na lina uzito wake, usilicheke. Mzazi anayetaka binti yake ajitunze mpaka ndoa hana kosa lolote na chanjo haiji kubadilisha hukumu ya zinaa kwenye dini yoyote. Anza kwa kumkubalia hilo waziwazi. Kisha muulize kitu kimoja: huyu mtoto, kinachomzuia leo asifanye uasherati ni kuogopa saratani ya mlango wa kizazi? Hata jina lake halijui. Vijana wanaojizuia wanajizuia kwa kumcha Mungu, kwa kuwaheshimu wazazi, kwa kuogopa mimba, wengine kwa sababu hawajapata tu nafasi. Sijawahi kusikia kijana akisema angekwenda ila kaikumbuka saratani itakayompata akiwa na miaka 45.

Kama ni mtu wa kutaka ushahidi, upo. Kuna utafiti ulitoka Marekani mwaka 2012, walichukua rekodi za matibabu za wasichana karibu 1,400 wa miaka 11 na 12, waliochanjwa na wasiochanjwa, wakawafatilia mpaka miaka mitatu. Waliangalia vipimo vya mimba, magonjwa ya zinaa, na ushauri wa uzazi wa mpango. Waliochanjwa hawakuonekana kuwa wameanza mambo kuliko wenzao. Ila usianze na utafiti, anza na lile swali, utafiti ni wa kusindikizia tu. Mtu haachi hofu ya binti yake kwa sababu ya namba za Wamarekani.

Na umpe kitu cha kushika. Mwambie mafundisho yote uliyopanga kumpa binti yako yako palepale, ya usafi, ya subira, ya ndoa, nesi hatagusa hata moja. Sindano ni ya mkononi, maadili ni yako wewe.

"Binti yangu amelelewa vizuri, haihitaji"

Tafadhali, usije ukajibu "watoto wa siku hizi huwajui". Nimeona mazungumzo mazuri yakifia hapo. Umemtukana yeye, umemtukana binti yake, na umethibitisha kile anachokiwaza kwamba watu wa chanjo wanawaona watoto wote ni wahuni. Mkubalie asilimia mia. Binti katulia, atafika siku ya ndoa yake hajaguswa. Sawa. Sasa tuanzie hapo hapo.

Mwaka 1842 daktari mmoja wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alipitia kumbukumbu za vifo za mji wa Verona akaona kwamba saratani ya kizazi ilikuwa adimu kwa masista wa kanisa kuliko kwa wanawake walioolewa. Kwa hiyo mzazi anayesema kujitunza kunakinga yuko sahihi, na mwambie yuko sahihi, historia inamuunga mkono. Ila wale masista hawakuolewa kabisa. Binti yako unataka awe sista? Wengi wetu tunawaombea mabinti ndoa njema, na dini zetu wenyewe ndo zinawaozesha. Walioolewa ndo walioumwa pale Verona, na hakuna aliyesema wake wote wale walikuwa wazinzi.

Kwa hiyo swali linahama, linatoka kwa binti linakwenda kwa mume. Huyo mkwe bado hatumjui. Anaweza kuwa kijana aliyeokoka akiwa na miaka 25 na kabla ya hapo alikuwa mtaani. Anaweza kuwa mwanaume aliyefiwa na mke, au aliyemtaliki, anaoa tena kihalali kabisa mbele ya mashahidi. Nyumba nyingi za ibada siku hizi zinataka wachumba wapime VVU kabla ya kufunga ndoa, vizuri sana, lakini kwa HPV hakuna kipimo cha kawaida kilichoidhinishwa cha kumpima mwanaume. Huwezi kumwambia mchumba alete majibu. Na mwanaume mwenyewe kwa kawaida haonyeshi dalili yoyote, anaingia kwenye ndoa kwa moyo safi akiwa hajui. Toba inafuta dhambi, kirusi hakijui kama umetubu.

Mimi naona hapa ndo nguvu ya mazungumzo yote ilipo. Watu wanahangaika kukwepa kutaja ngono mbele ya mtu wa dini wakati ngono iliyo halali kwenye dini yake, ya mke na mume, inatosha kabisa kueleza kwa nini binti anahitaji kinga. Taja ndoa mara nyingi uwezavyo. Mwambie baba "unamkinga mwanao na historia ya mtu ambaye hutapata nafasi ya kuichunguza." Baba gani hatalisikia hilo?

Kuna jambo lingine zito, la kubakwa. Ni kweli linatokea, tena kwa watoto waliolelewa vizuri. Ila usilitangulize, mzazi analisikia kama unamtabiria mwanae mabaya. Kama yeye mwenyewe amelileta, liongeleeni kwa utaratibu.

"Mungu ndiye mlinzi"

Huyu usimpe takwimu, mpe maandiko, lakini ya kwake. Ushauri wangu, kama wewe ni Mkristo usimrushie Mwislamu hadithi za Mtume ulizookota mtandaoni, na Mwislamu usimfundishe mlokole Biblia yake. Mtafute mtu wa upande wake.

Kwa Wakristo, kuna lile jaribu la jangwani katika Mathayo sura ya 4, shetani anamwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa sababu malaika watamdaka, na Yesu anakataa, anasema usimjaribu Bwana Mungu wako. Ulinzi wa Mungu haukuwa ruhusa ya kuacha tahadhari. Na kuna sheria moja watu hawaikumbuki, Kumbukumbu la Torati 22:8, ukijenga nyumba mpya uweke ukingo darini ili mtu asianguke ukawa na hatia ya damu. Nyumba yenyewe ni mpya, hajaanguka mtu, na bado ni amri. Mimi naupenda mstari huo kwa mada hii kuliko yote kwa sababu unaongelea kinga kabla ya ajali, na unaiweka juu ya mwenye nyumba.

Kwa Waislamu, hadithi ya kumfunga ngamia kisha utawakali, yani umtegemee Mungu, kila mtu anaijua, itaje upite. Ile ambayo masheikh wanaoruhusu chanjo wanaitumia ni ya tende saba za ajwa, kwamba anayezila asubuhi hadhuriki siku hiyo kwa sumu wala sihri, yani uchawi. Ndani yake kuna ruhusa ya kuchukua sababu ya kinga kabla ya dhara kufika, sio kusubiri ugonjwa ndo utafute dawa. Na hifadhi ya nafsi ni moja ya makusudio makubwa ya sheria, hilo ustadhi yeyote atakwambia.

Ukiona bado anasema imani yake inamtosha, muulize kwa upole kama watoto wake walipata chanjo ya polio na surua. Mara nyingi walipata. Basi tatizo sio chanjo, ni jinsi hii inavyoambukizwa, na tunarudi kwenye ndoa.

Nguruwe na mimba zilizotolewa

Hapa jibu ni fupi kwa sababu ukweli uko wazi. Chanjo ya HPV haina kirusi kizima wala kilichokufa, ni magamba matupu ya protini yanayofanana na ganda la nje la kirusi, ndani hamna vinasaba. Zipo za majina tofauti ya kiwandani: Gardasil inatengenezwa kwa kutumia hamira, Cervarix kwa seli za wadudu, Cecolin kwa bakteria. Hakuna seli zilizotokana na mimba zilizotolewa. Wanaosema zipo wanachanganya na chanjo zingine, mfano ya rubela, ambayo kweli inakuzwa kwenye seli zilizoanzia kwenye mimba zilizotolewa miaka ya 1960, na hata hiyo Vatikani ilishaitolea maelezo kwamba wazazi wanaweza kuitumia pale ambapo hakuna nyingine. Jelatini ya nguruwe pia haimo kwenye hizi za HPV.

Usiombe mtu akuamini kwa mdomo. Nenda kliniki omba ile karatasi nyembamba inayokuja ndani ya boksi la chanjo, ile iliyokunjwa mara nyingi yenye maandishi madogo, ipige picha sehemu iliyoandikwa viambato. Utakuta vitu kama chumvi, chumvichumvi za aluminiamu za kuamsha kinga, maji. Mpelekee baba, apeleke kwa imamu wake. Karatasi ikishapita mikononi mwa watu wawili watatu uvumi unapoa.

"Wanataka kuwafunga kizazi"

Hii sio dini lakini inakuja imevaa kanzu na msalaba kwa hiyo jiandae nayo. Usimwite mtu mjinga. Kwenye historia kuna watu kweli walifungwa uzazi bila ridhaa yao, hofu haijatoka hewani. Mwambie hivi: mamilioni ya wasichana wa kwanza kuchanjwa, Australia kuanzia 2007 na Uingereza kuanzia 2008, sasa ni watu wazima na wanazaa. Kamati ya usalama wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani imelipitia suala hili mara nyingi na haikuona uhusiano wa chanjo na ugumba. Japani mwaka 2013 ilisimamisha kuihamasisha chanjo hii baada ya malalamiko ya wazazi, ikachunguza, na mwaka 2022 ikarudi kuihamasisha. Yani wapo waliotilia shaka kama yeye, wakakagua, wakarudi.

Na kinachoharibu kizazi kweli ni saratani yenyewe. Mwanamke ikimkuta na miaka 32 bado anataka watoto, matibabu mara nyingi ni kuondolewa kizazi chote au mionzi ambayo inamaliza mayai. Anayeogopa ugumba wa binti yake ana sababu ya kuitaka chanjo.

Kama kuna mtu anataka kujua inafanya kazi kweli au la: Uingereza walihesabu na kuchapisha mwaka 2021, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13 saratani ilipungua kwa asilimia 87. Scotland mwaka 2024 walitoa yao, kati ya wanawake waliochanjwa katika umri huo hawakukuta hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyopenya ndani ya tishu.

Kwenda kwa kiongozi wa dini

Hatua hii usiiruke, na usiende wewe kama baba ndo mwenye pingamizi. Mwache aende yeye, jibu akilileta yeye nyumbani linakuwa lake. Wewe msaidie kwenye swali tu, maana jibu la sheikh au mchungaji linategemea sana umemuulizaje. Ukienda ukasema "Sheikh, chanjo ya zinaa kwa watoto inafaa?" unategemea akujibu nini? Hata mimi ningesema haifai. Swali zima liwe na ugonjwa, njia ya kuambukizwa, kilichomo ndani na sababu ya umri. Kitu kama: "Sheikh, kuna saratani inayoua wanawake, kirusi chake kinapita kwa kujamiiana pamoja na ndani ya ndoa, na mume anaweza kuwa nacho bila kujua. Kuna chanjo ya kukizuia, haina nguruwe wala kitu cha kulevya, karatasi yake hii hapa, na ili ifanye kazi vizuri inatolewa kabla binti hajaolewa. Je, kuna katazo?" Kwa padri au mchungaji ni vilevile, badilisha salamu tu.

Akikataa, muulize kwa adabu kama hilo ni andiko au ni maoni yake. Wengi ni waungwana watakwambia ni maoni, na maoni yanahama. Mwaka 2008 bodi ya shule za Kikatoliki ya Calgary, Kanada, ilikataza chanjo hii isitolewe kwenye shule zake kwa sababu hizihizi za maadili, mwaka 2012 bodi hiyohiyo ikaruhusu. Malaysia, nchi yenye Waislamu wengi, inawachanja wasichana mashuleni tangu 2010. Rwanda, wengi wao Wakristo, ilianza 2011 ikafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa. Mtaje mfano wa watu wa imani yake, usimtajie wa wengine.

Dokezo moja la pembeni, kama kiongozi mwenyewe hafikiki au hataki mada hii, wake wa viongozi wa dini wanafikika. Wao ndo wanaokaa na kina mama wagonjwa, wameosha maiti, wanaijua hii saratani kwa harufu yake.

Mtoto mwenyewe anaambiwa nini

Ukweli wa umri wake. Miaka 9 au 10 inatosha kumwambia hii ni sindano inayokukinga na kansa inayowapata wanawake wakiwa wakubwa. Sio uongo, na sio lazima umpe somo la uzazi hapo mlangoni mwa kliniki. Akiwa 13 au 14 na akauliza inapatikanaje, mjibu, na hapo ndo nafasi ya mzazi mwenye dini kuongea kuhusu mwili na ndoa kwa maneno yake kabla hajafundishwa na simu. Baba aliyekuwa anaiogopa hii mada anaweza kukuta chanjo ndo imempa kisingizio cha kuianza.

Siku yenyewe: ale kabla ya kwenda, avae nguo yenye mkono unaopandishika maana inachomwa begani kwenye msuli wa mkono. Baada ya sindano akae kama dakika 15 asikimbie kucheza, mabinti wa umri huu huzimia wakichomwa sindano yoyote kwa hofu tu, na mmoja akidondoka kwenye foleni ya shule uvumi mpya unazaliwa palepale. Mkono utauma siku moja au mbili, anaweza kupata kichwa au homa ndogo. Kama aliwahi kupata aleji kali ya dozi iliyopita au ya kitu kilichomo, hamira ikiwemo kwa Gardasil, nesi aambiwe kabla. Dozi, Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linakubali moja au mbili kwa umri huu, na wenye VVU au kinga dhaifu wanahitaji angalau mbili na ikiwezekana tatu, kwa hiyo fata ratiba ya nchi uliyopo. Utafiti mmoja wa Kenya ulikuta dozi moja inakinga kwa zaidi ya asilimia 95 dhidi ya aina 16 na 18 ndani ya miezi 18 ya kwanza, hilo ni zuri kwa mzazi anayelalamika sindano nyingi. Wavulana nao wanachanjwa kwenye nchi zinazomudu, kirusi hiki kinawapa wao saratani za koo na za sehemu za siri, na masundosundo, kwa hiyo anayeuliza "kwa nini mabinti tu" ana hoja.

Na akikataa kabisa

Usimchanje mtoto kwa siri. Najua kuna watakaonipinga hapa, ila kadi itaonekana, au mtoto atasema, na kuanzia siku hiyo baba huyo hataamini kliniki kwa jambo lolote, hata la malaria, na wadogo zake binti ndo wataumia. Pia usimpeleke kwenye kikao cha ukoo kumuaibisha. Acha fomu iwepo. Mwambie "sawa Baba Rehema, nimekusikia, tutaongea tena kabla hajafika 14" na kweli uongee tena, ikiwezekana baada ya yeye kumsikia mtu mwingine anayemheshimu. Akipita 14 bado anaweza kuchanjwa, ila chanjo inafanya kazi vizuri zaidi kabla hajaanza kujamiiana, na kuanzia miaka 21 ni dozi mbili zilizopishana miezi sita, kwa hiyo hata binti mtu mzima anayekaribia kuolewa anaweza kuamua mwenyewe.

Kuna kitu kimoja ambacho hata baba mgumu kabisa huwa hakikatai, nacho ni mama mwenyewe kwenda kupima. Kuanzia miaka 30 mwanamke anatakiwa kuchunguzwa mlango wa kizazi, mwenye VVU kuanzia 25, awe alichanjwa au hakuchanjwa, kwa sababu chanjo haifuniki aina zote. Mabadiliko yakionekana mapema yanatibiwa palepale kabla hayajawa saratani, mara nyingi bila kulazwa. Nenda, na ukitoka mwambie mumeo ulichoambiwa na nesi, hapo mada inafunguka bila wewe kuitafuta.